Fainali ya raga ya Singapore 2016: siku Kenya ilipoitwanga Fiji

Fainali hii ilichezwa Jumapili, 17 Aprili 2016, katika Uwanja wa Taifa wa Singapore. Timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, Shujaa, iliifunga Fiji 30-7. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kutwaa kombe kuu katika duru ya Msururu wa Dunia.

Singapore ilikuwa jioni, kwetu bado mchana. Mimi nilikuwa Kisii mjini kwa shughuli zangu. Ule ni mji wa kandanda. Ukitaja mchezo watakutajia Shabana na uwanja wa Gusii, na ukivuka kwenda Nyamira ni yale yale. Ilibidi tumbembeleze mwenye hoteli abadilishe runinga. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mbona mpira wenyewe una umbo la yai?" Kabla mechi haijaisha, yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kutushinda sote.

Kwa asiyeujua mchezo: trai moja ni pointi 5, na mkwaju unaofuata ukipita kati ya milingoti huongeza 2. Uwanja ni ule ule wa raga ya watu 15, lakini hapa kila upande una saba tu, na kwa kawaida kipindi ni dakika 7. Nafasi ni kubwa, kwa hivyo mwenye mbio na pumzi ndiye bwana. Fiji walikuwa ndio mabingwa wa msururu, tena wa kuogopwa.

Kenya ilishawahi kufika fainali mara mbili ikarudi mikono mitupu: Adelaide 2009 mbele ya Afrika Kusini, na Wellington 2013 mbele ya Uingereza, katika muda wa nyongeza. Safari ya Singapore ilipita kwa Ufaransa katika robo fainali, kisha Argentina katika nusu fainali. Hao Argentina ndio walioizuia Kenya katika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai 2009, na kocha wa Kenya mara zote mbili alikuwa Benjamin Ayimba.

Nahodha Andrew Amonde aliongoza vizuri, lakini siku ilikuwa ya Collins Injera, aliyefunga trai mbili katika fainali. Mwezi uliofuata, jijini London, alivunja rekodi ya trai nyingi zaidi katika msururu, iliyoshikwa na Santiago Gómez Cora wa Argentina.

Agosti Fiji hao hao wakachukua dhahabu ya Olimpiki Rio kwa kuifunga Uingereza 43-7. Kenya ilimaliza ya 11. Binafsi naona tuliula ushindi wa Singapore kama karamu ya siku moja. Ayimba aliaga dunia Mei 2021. Mwaka 2023 Shujaa waliteremshwa daraja, wakarejea 2024 kwa kuishinda Ujerumani mjini Madrid.

Kijana wa Kisii au Nyamira anayetaka kuiona raga ya saba kwa macho yake, mashindano ya karibu ni Dala Sevens, Kisumu. Sisi Mombasa tunayo Driftwood Sevens hapa hapa mlangoni, na wenzangu wengi wa mtaani hawajawahi hata kuingia getini.