Tao la umeme ndani ya ombwe: jinsi swichi kubwa zinavyokata mkondo wa hitilafu

Shoti inapotokea kwenye njia ya umeme ya kilovolti 11 au 33, viwango vinavyotumika kusambaza umeme Kenya, Tanzania na Uganda, mkondo unaweza kupanda kutoka ampea mia chache hadi maelfu kadhaa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Usipokatwa upesi, nyaya huyeyuka, transfoma huungua na maisha ya watu huwa hatarini. Kazi ya kuukata hufanywa na swichi kubwa ambayo mafundi huiita sakiti breka. Kwa volteji za kiwango hiki, aina inayotumika zaidi duniani leo ni ile inayokata umeme ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa.

Moto usiohitaji hewa

Moyo wa swichi hiyo ni chombo cha kauri kilichozibwa kabisa. Kanieneo iliyomo ni ndogo kuliko sehemu moja kwa milioni ya ile ya hewa tunayovuta. Ndani yake mna viguso viwili vya metali: kimoja hakisogei, na kingine huvutwa nyuma kwa umbali wa takriban milimita 10.

Viguso vinapoanza kuachana, mkondo wote hulazimika kupita katika sehemu ndogo ya mwisho inayogusana. Sehemu hiyo hupata joto kali, huyeyuka, kisha hugeuka mvuke. Hapo ndipo tao la umeme huzaliwa. Kwa hiyo tao hili haliwaki katika utupu mtupu, bali katika mvuke wa metali unaotoka kwenye viguso vyenyewe. Mvuke ukikoma, tao nalo hufa.

Sura mbili za tao

Mkondo ukiwa wa wastani, tao hutawanyika. Juu ya kathodi, kiguso kinachotoa elektroni, huonekana madoa madogo yenye mwanga mkali, na kila doa juu ya shaba hubeba takriban ampea 50 hadi 100. Mkondo wa ampea 5,000 basi hugawanywa kwa makumi ya madoa, ambayo husukumana na kukimbia huku na huko. Volteji kati ya viguso hubaki kama volti 20 tu, na hakuna sehemu moja inayounguzwa kupita kiasi.

Mkondo unapozidi takriban ampea 10,000 kwenye viguso bapa vya kawaida, hali hubadilika. Nguvu ya sumaku ya mkondo wenyewe hulibana tao likawa nguzo moja nyembamba. Anodi, kiguso kinachopokea elektroni, huanza kuyeyuka na kutoa mvuke wake yenyewe. Hatari iko hapa: metali iliyochemka huendelea kutoa mvuke hata baada ya mkondo kukoma, na tao linaweza kuwaka upya.

Sumaku kama dawa

Wahandisi hutumia njia mbili kuizuia hatari hiyo. Ya kwanza ni kuchonga mikato katika viguso ili uga wa sumaku ulizungushe tao lililobanwa kwa kasi, lisikae mahali pamoja. Ya pili ni kuunda viguso ili mkondo unaopita utengeneze uga wa sumaku unaoelekea sawa na tao. Uga huo huzishika elektroni katika mistari yake na kulizuia tao lisibanwe, hata katika mikondo ya makumi ya maelfu ya ampea.

Viguso vyenyewe kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na kromi. Shaba hupitisha umeme na joto vizuri. Kromi hupunguza uwezekano wa viguso kugandana na husaidia kunasa mabaki ya gesi.

Mbio za baada ya sifuri

Katika umeme wa mkondo geu wa hezi 50, mkondo hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde. Unapokaribia sifuri, madoa ya kathodi huzimika moja baada ya jingine. Mvuke uliobaki huganda juu ya viguso na ngao ya metali inayovizunguka, kwa muda unaohesabiwa kwa mikrosekunde. Nafasi hiyo ikipata uwezo wa kuzuia umeme kabla volteji haijapanda tena, swichi imeshinda.

Hata hivyo, doa la mwisho huwa dhaifu, na mkondo waweza kukatika ghafla ukiwa bado na ampea chache. Jambo hilo huweza kuzusha volteji ya juu katika mota na transfoma, ndiyo maana mara nyingi hufungiwa vifaa vya kuzuia mawimbi ya volteji.

Kwa nini suala hili lina uzito sasa

Majaribio ya awali yalichapishwa mwaka 1926 na Sorensen na Mendenhall wa California Institute of Technology, lakini swichi zenye nguvu ziliingia sokoni miongo kadhaa baadaye, baada ya teknolojia ya kuziba chombo na kuondoa gesi katika metali kukomaa.

Mpinzani mkuu wa ombwe ni gesi ya salfa heksafloridi, ambayo huzima tao na kuhami umeme vizuri, lakini kwa uzito uleule hupasha dunia joto zaidi ya mara 22,000 kuliko kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inazuia, isipokuwa kwa hali maalumu, kuanza kutumia vifaa vipya vyenye gesi za aina hiyo hadi kilovolti 24 kuanzia Januari 1, 2026, na hadi kilovolti 52 kuanzia 2030.

Ombwe nalo lina mipaka yake. Kuongeza umbali kati ya viguso hakuongezi uwezo wa kuzuia volteji kwa kiwango kilekile, hivyo njia kuu za usafirishaji bado ni changamoto, ingawa swichi za kilovolti 145 zimekwisha kutengenezwa. Aidha, chombo kilichovuja hakitambuliki kwa macho. Mafundi hukipima kwa kuweka volteji ya juu kati ya viguso vilivyoachana: kikishindwa kuizuia, hakitengenezwi, bali hubadilishwa.