Fataki za Berdan na Boxer: hataza mbili zilizobadili bunduki

Karibu kila risasi ya kijeshi inayofyatuliwa duniani huanzia katika kikombe kidogo cha madini kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda lake. Kikombe hicho huitwa fataki. Kinapogongwa na pini ya bunduki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na baruti huisukuma risasi nje ya mtutu. Fataki zinazotumika hadi leo ni hasa za aina mbili, na zote mbili zilitokana na hataza za mwaka 1866: moja ya Mmarekani Hiram Berdan, nyingine ya Mwingereza Edward Mounier Boxer.

Kabla ya karne ya 19, askari alimimina baruti mtutuni, akashindilia risasi, kisha akategemea cheche za jiwe la gumegume. Mvua ikinyesha, bunduki ilikataa kulia. Mwaka 1807, Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa. Hapo ndipo ilipozaliwa bunduki ya fataki. Hata hivyo, baruti, risasi na fataki viliendelea kuwa vitu vitatu mbalimbali, na askari alilazimika kuvipanga kimoja baada ya kingine huku adui akimsogelea.

Tarehe 3 Julai mwaka 1866, majeshi ya Prussia yaliwashinda Waaustria katika vita vya Königgrätz. Waprussia walikuwa na bunduki zinazojazwa kwa nyuma, ilhali wapinzani wao walikuwa bado wakishindilia kwa mbele. Tangu siku hiyo, kila serikali ya Ulaya ilitaka bunduki za namna hiyo, pamoja na risasi iliyo kamili ndani ya ganda moja.

Berdan hakuwa mgeni katika uvumbuzi. Alizaliwa mwaka 1824 katika jimbo la New York, akasomea uhandisi, na kabla ya kugeukia silaha alikuwa amebuni mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliunda na kuongoza kikosi mashuhuri cha walenga shabaha. Hataza yake ya risasi ilitolewa tarehe 20 Machi mwaka 1866.

Boxer, aliyezaliwa mwaka 1822, alikuwa afisa wa mizinga na msimamizi wa maabara ya kifalme katika ghala la silaha la Woolwich, London. Yeye pia alibuni roketi ya kurusha kamba hadi kwenye meli zilizokwama, ili kuwaokoa mabaharia. Risasi yake ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki ya Snider, ambayo kwa hakika ilikuwa bunduki ya zamani ya Enfield iliyokatwa nyuma na kuwekewa mlango. Askari aliyekuwa akipiga mara tatu kwa dakika sasa aliweza kupiga mara kumi.

Tofauti ya fataki hizo mbili inaeleweka vyema na yeyote aliyewahi kumtazama mhunzi kazini. Ili kemikali ilipuke, ni lazima ibanwe kati ya nyundo na fuawe. Berdan aliifanya fuawe kuwa sehemu ya ganda lenyewe, na pembeni mwake akatoboa vitundu viwili vya kupitishia moto. Boxer aliiweka fuawe ndani ya kikombe cha fataki, na ganda likabakiwa na tundu moja katikati. Kwa hiyo fataki ya Berdan ni rahisi kutengenezwa kwa wingi kiwandani, ilhali ganda la Boxer ni rahisi kutumiwa tena, kwani pini moja iliyonyooka hutosha kuitoa fataki iliyokwisha kulipuka.

Historia ina vioja vyake. Fataki ya Mmarekani ilipendwa na majeshi ya Ulaya, hasa Urusi, ambako bunduki yenye jina la Berdan ilitumika kwa miaka mingi. Fataki ya Mwingereza nayo ikahamia Marekani, ambako wawindaji wengi hujaza risasi zao wenyewe nyumbani.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa la kiwanda. Ganda la Boxer, lililokuwa ukanda mwembamba wa shaba ulioviringishwa, lilichanika na kukwama katika bunduki za Waingereza nchini Sudan mwaka 1885. Ganda la shaba isiyo na kiungo likachukua nafasi yake. Kulitengeneza kunahitaji kisahani cha shaba iliyochanganywa na zinki, kinachokandamizwa na kuvutwa na mashine hatua kwa hatua, kikipashwa moto kila baada ya hatua ili kisipasuke.

Kazi hiyo haikuwezekana kijijini. Mwenye gobore aliweza kutumia baruti ya kienyeji na vipande vya chuma. Mwenye bunduki mpya alimtegemea mwenye kiwanda. Mwaka 1891, Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kuteka mamia ya bunduki za kisasa, lakini bunduki ya kutekwa hudumu kadiri risasi zake zinavyodumu. Huko Mengo, Januari mwaka 1892, bunduki za Snider ambazo Kapteni Lugard aliwagawia Waprotestanti zilisaidia kuamua nani atawale Buganda.

Mataifa makubwa yalilitambua hilo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai mwaka 1890, uliotangazwa kuwa wa kupiga vita biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo kubwa la Afrika, huku ukiruhusu bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Zanzibar nayo ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Miaka 15 baadaye, wapiganaji wa Majimaji waliikabili boma ya Mahenge kwa mikuki na magobore, na bunduki za rashasha za Maxim zikawafyeka.

Berdan alifariki mwaka 1893 na Boxer mwaka 1898. Kampuni iliyobeba jina la Berdan iliidai serikali ya Marekani malipo ya hataza za bunduki hadi Mahakama Kuu, iliyotoa hukumu mwaka 1895, wakati mwenyewe amekwisha kufa. Hataza zenyewe zilikoma zamani, na leo yeyote mwenye mashine anaweza kuzitumia bila kulipa. Katika mapigano ya mashariki mwa Kongo, maganda mengi ya bunduki za Kalashnikov yanayookotwa ardhini yana vitundu viwili kwenye kitako, kama Berdan alivyovichora.