Jina katika Kibao: Waswahili na Vivutio vya Berlin

Mgeni anayezuru Berlin kwa mara ya kwanza aghalabu huanzia kwenye Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya mwaka 1788 na 1791. Kutoka hapo huifuata barabara ya Unter den Linden kuelekea mashariki, akapita mbele ya Chuo Kikuu cha Humboldt na kufika Kisiwa cha Makumbusho. Njiani husimuliwa habari za wafalme, wasanifu majengo na vita. Ni nadra kuelezwa kwamba chuo hicho, kilipokuwa kikiitwa Chuo Kikuu cha Friedrich Wilhelm, ndicho kilichoambatanishwa mwaka 1887 na Seminari ya Lugha za Mashariki, na kwamba sehemu kubwa ya nathari ya Kiswahili iliyochapishwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilipitia mikononi mwa walimu wa seminari hiyo. Makala haya yanaviangalia baadhi ya vivutio vya mji huo kwa jicho la mhakiki, na swali linaloyaongoza ni la uandishi: jina la nani huwekwa katika kibao, na la nani huachwa nje?

Mfano ulio wazi kabisa umo katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe Asilia, katika mtaa wa Invalidenstraße. Kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa humo mwaka 1937 kina kimo cha zaidi ya mita 13, na kila anayeingia ukumbini hana budi kuinua shingo. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, katika nchi ya Wamwera kaskazini-magharibi ya Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mamia ya vibarua waliifukua, wakaipakia, na wapagazi wakaichukua vichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Shehena nzima ilizidi tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji hao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye wataalamu wa Kijerumani walimtegemea katika kazi iliyohitaji ustadi zaidi, yaani kuutoa mfupa uliooza ardhini pasipo kuuvunja. Hata hivyo, Werner Janensch alipompa mnyama huyo jina la kisayansi mwaka 1914, alimwita brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa jumba hilo. Bwana huyo aliheshimiwa kwa cheo chake. Aliyeinama shimoni hakutajwa.

Mhakiki wa fasihi hawezi kulisoma tukio hilo bila kukumbuka kisa cha kitabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliwasili Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika seminari iliyokwisha kutajwa. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyotoka mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli ni kazi ya kalamu yake, lakini kitabu kilitolewa kwa jina la Carl Velten, na kwa miongo mingi watafiti walikinukuu kwa jina hilo. Mwenye kukusanya akageuka mwenye kitabu. Wakati huohuo mwandishi halisi alidharauliwa na wanafunzi wa Kijerumani darasani mwake, akaacha kazi. Na mwaka 1905 aliporejea pwani pamoja na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Ilipotoka tafsiri ya J.W.T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa katika anwani ya kitabu.

Sayansi nayo ilichelewa vivyo hivyo. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka Boheti. Ingefaa kuuliza kwa nini masahihisho ya aina hii hufanywa pembeni, katika chapa mpya au kwa mnyama asiyejulikana sana, ilhali kiunzi kinachowavuta watalii kinaendelea kuitwa kwa jina la mkurugenzi.

Isisahauliwe kwamba Berlin iliwahi kuwaweka watu wenyewe mahali pa vitu. Katika Maonyesho ya Kikoloni ya Treptow ya mwaka 1896, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni, wakiwemo Waswahili na Wamasai, walitazamwa na umma wakiwa katika vijiji vya kuigiza.

Majina ya mitaa ni kibao cha aina nyingine, na historia yake ina kichekesho. Petersallee, katika mtaa wa Wedding, ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 wakuu wa mji walitangaza kwamba jina lilelile sasa lamkumbuka Hans Peters, mtu mwingine kabisa. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilishwa ni kirejelewa peke yake, jambo ambalo hata wanaisimu wangelionea taabu kulitetea. Kibao chenyewe kiliondolewa mwaka 2024, na sehemu ya barabara hiyo ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Kivutio cha mwisho si jumba wala mnara. Katika Brunnenstraße pana jiwe dogo lenye bamba la shaba nyeupe lililotiwa sakafuni mwaka 2007, kumkumbuka Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akafundisha Kiswahili Berlin, akaigiza katika filamu iliyomtukuza Carl Peters, akakamatwa mwaka 1941 na kufia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe hilo limewekwa sawa na njia ya miguu, na wapitao wengi hulikanyaga wakielekea kwingine.