Madoa ya CD: Jinsi ya kuhifadhi muziki kabla haujapotea

CD za muziki zilipoingia sokoni mwaka wa 1982, wengi waliamini kuwa zingedumu milele. Hazikulika kwa sindano kama santuri, wala hazikukatika kama kanda. Hata hivyo, baadhi ya wenye kuhifadhi CD za miaka ya 1980 na 1990 wamezikuta zikiwa na madoa ya hudhurungi, ilhali zilikuwa zimetulia kabatini.

Madoa hayo si uchafu. CD ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2, na sehemu yake kubwa ni plastiki ngumu. Juu ya plastiki hiyo kuna utando mwembamba wa madini, aghalabu alumini, unaoakisi mwali wa mashine. Utando huo hukingwa na vanishi tu, kisha maandishi huchapwa juu yake. Kwa hivyo, upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, ingawa watu wengi huhofia mikwaruzo ya upande wa chini pekee.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kiwanda cha PDO mjini Blackburn, Uingereza. Katika baadhi ya CD zilizotengenezwa huko kati ya 1988 na 1993, vanishi ilishindwa kuzuia salfa iliyomo kwenye karatasi za vijitabu vya jalada. Utando wa madini ukaliwa polepole, na CD zikageuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kwa kuwa mashine husoma CD kutoka katikati kwenda nje, nyimbo za mwisho ndizo hutangulia kukwaruza na kukwama.

Joto na unyevu pia huleta madhara. Mwaka wa 2001, wanasayansi wa Uhispania walieleza kuhusu CD iliyotoka Belize, Amerika ya Kati, ambayo kuvu ilikuwa imeila plastiki na alumini yake. Mkazi wa Mombasa au Lamu, ambako hewa ina unyevu mwingi, ana sababu ya kuchukua tahadhari.

CD zilizorekodiwa nyumbani kwa tarakilishi huhitaji uangalizi zaidi. Muziki wake umo katika tabaka la rangi ambalo hufifia kwa jua na joto. Nyingi zimebeba taarabu za arusi na kwaya za mitaani ambazo hazikupata kuuzwa dukani. Ikiharibika, huenda hakuna nakala nyingine popote.

Hatua za kuchukua

Zisimamishe CD wima katika makasha yake, mahali pakavu penye ubaridi, mbali na dirisha na ukuta wenye unyevu. Usiziache ndani ya gari.

Ondoa kijitabu cha karatasi katika kasha la CD inayoshukiwa, ukihifadhi kando. Epuka mifuko ya plastiki laini inayonata.

Shika CD ukingoni na kwenye tundu la katikati. Ukiipangusa, tumia kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, wala si kwa kuzungusha.

Usibandike karatasi ya gundi juu yake wala kuiandika kwa kalamu ya wino yenye ncha kali.

Kagua mkusanyiko wako angalau mara moja kwa mwaka, ukichunguza ukingo wa kila CD chini ya mwanga.

Hatua hizi huchelewesha uharibifu tu. Madini yaliyokwisha kuliwa hayarudi, na hakuna dawa ya kufuta doa. Kinga ya hakika ni kunakili muziki kwenye tarakilishi mapema, maadamu CD bado inasomeka yote. Tumia muundo usiopunguza sauti, mfano FLAC, badala ya MP3. Weka nakala mbili katika vifaa tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Anza na CD zilizoanza kubadilika rangi, pamoja na zile zisizoweza kununuliwa tena.