Bendera ya Buluu na Pembetatu Nyeusi

Mwishoni mwa karne ya 19, mtu aliyepita katika miji ya nyanda za kati za Marekani wakati wa baridi aliweza kujua hali ya kesho kwa kuinua macho tu, maana juu ya milingoti ya mji zilipepea bendera za serikali ambazo hata asiyejua kusoma alizifahamu: nyeupe kwa mbingu safi, buluu kwa mvua au theluji, na pembetatu nyeusi kwa habari ya joto, ambayo ikipandishwa juu ya mwenziwe ilibashiri kuongezeka kwa joto, na ikiwekwa chini yake ilibashiri baridi. Palikuwa na nyingine tena, nyeupe yenye mraba mweusi katikati, nayo iliogopwa kuliko zote kwa kuwa ilitangaza wimbi la baridi kali. Basi buluu chini ya pembetatu nyeusi ilikuwa na maana ya theluji na joto kupanda, habari ambayo leo husomwa kwa kupitiwa na kusahauliwa, ilhali watu waliopata kuishi katika nyanda zile walijifunza kwa maafa kwamba joto la ghafula katikati ya baridi lastahili hadhari kubwa kuliko baridi yenyewe.

Elimu hii ya utabiri, ingawa mkulima wa bara ndiye aliyeihitaji mno, ililetwa na kilio cha mabaharia. Increase Lapham, mwanachuoni wa Milwaukee kando ya ziwa Michigan, alikusanya hesabu za vyombo vilivyopatwa na dhoruba katika Maziwa Makuu ya Marekani, akaona kuwa kwa miaka miwili tu, 1868 na 1869, vyombo zaidi ya 3,000 viliharibika au kuzama na watu 530 wakafa; hesabu hizo akazipeleka kwa wabunge. Wakati huohuo Cleveland Abbe, mnajimu wa Cincinnati, alikuwa amekwisha anza kutoa taarifa za hali ya hewa kwa habari zilizomfikia kwa simu ya waya. Tarehe 9 Februari 1870 Rais Grant akatia sahihi azimio lililolikabidhi jeshi kazi hiyo, na tarehe 1 Novemba vituo 24 vikapima hewa kwa wakati mmoja na kupeleka vipimo vyao kwa simu. Lapham mwenyewe, akiwa Chicago, ndiye aliyetoa onyo la kwanza la dhoruba kwa maziwa yale, siku saba tu baadaye.

Lakini waya za simu zilifuata reli, na bendera zilipepea mjini, nao walowezi wa Dakota na Nebraska walikaa mbali na vyote viwili, katika nyumba za udongo zilizotengana kwa mwendo mrefu. Ndipo ikafika tarehe 12 Januari 1888. Baada ya siku nyingi za baridi ya kutisha, asubuhi ile ilipambazuka kwa upole wa ajabu, hata wanaume wakatoka bila makoti mazito, wakawafungulia mifugo waliokuwa wamefungiwa, na watoto wakaenda shule kwa nguo nyepesi. Ofisi ya jeshi ya Saint Paul ilikuwa imetaja majilio ya wimbi la baridi, ila neno hilo halikuwa na njia ya kuwafikia wale waliolihitaji. Mchana dhoruba ikaangukia nyanda kwa theluji laini kama unga, mtu asiweze kuuona mkono wake mwenyewe. Wakafa watu wapatao 235, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi nyumbani. Mwalimu Minnie Freeman wa Nebraska, paa la shule yake lilipoezuliwa na upepo, aliwaongoza wanafunzi wake wote hadi nyumba iliyo jirani wakasalimika, na sifa zake zikaenea nchi nzima. Mimi huwakumbuka pia walimu ambao walikuwa mashujaa kama yeye, bali hawakufika.

Sababu ya ghururi ile ya joto la asubuhi ilikuja kufahamika vema baada ya vita vya 1914 hadi 1918, kwa kazi ya Vilhelm Bjerknes na wenzake huko Bergen, Norwei. Hewa ya vuguvugu itokayo upande wa kusini, ikikutana na baridi iliyolala juu ya ardhi, haiwezi kuiondoa mara moja kwa kuwa baridi ni nzito; basi huipanda juu polepole, na katika kupanda hupoa, na unyevu wake hugeuka theluji nyepesi iangukayo kwa utulivu. Ndiyo maana theluji haba na joto aghalabu hufuatana. Lakini nyuma ya joto hilo, siku ileile au ya pili yake, huenda ikaja hewa nyingine kutoka Kanada, nayo haiji kwa utulivu. Na karibu na Milima ya Rocky uko upepo uitwao chinook, ambao hushuka toka vileleni na kupata joto kwa kubanwa, kiasi cha nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Asubuhi ya 22 Januari 1943, mjini Spearfish, Dakota Kusini, joto lilipanda toka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu yake kwa muda wa dakika mbili, na kabla ya adhuhuri likarudi lilikotoka kwa muda usiotimia nusu saa.

Kadhia ya 1888, kwa maoni yangu, haikuwa upungufu wa elimu peke yake, bali upungufu wa njia. Mwaka 1891 kazi ya utabiri ilitolewa jeshini ikatiwa katika Wizara ya Kilimo, jambo lililofaa, na bado mlingoti ulibaki mlingoti. Ufumbuzi ulianza Januari 1921, pale kituo cha redio cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kilipotangaza utabiri kwa sauti ya binadamu. Na kadiri mashine za kupokelea zilivyoenea mashambani katika miaka iliyofuata, mkulima aliye mbali na mji aliweza kusikia, kabla ya kulifungua zizi na kabla ya kuwavisha watoto, kwamba joto linakuja, na kwamba nyuma yake iko baridi.