Kitengela na Kajiado: Historia ya Kuhamishwa na Swali la Kurejea

Kitengela ni mji wa Kaunti ya Kajiado, kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, kwenye barabara kuu iendayo Namanga. Upande mmoja umepakana na viwanda vya Athi River, na upande mwingine, hadi kwenye mto Mbagathi na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, zipo nyanda za Ilkaputiei, mojawapo ya makundi makuu ya Wamaasai. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 58,167 mjini hapo. Ile ya 2019 ilihesabu 154,436. Ukuaji huo huelezwa kwa kawaida kama habari ya maendeleo ya viunga vya Nairobi, na hilo ni kweli. Lakini ardhi hii ina historia nyingine isiyosimuliwa mara nyingi: serikali ya kikoloni iliitenga iwe mahali pa kuwaweka watu waliohamishwa kwingine, na baadaye wenyeji wake nao wakaanza kuondoka.

Miaka ya 1890 ilikuwa ya maafa kwa Wamaasai. Sotoka ilimaliza ng'ombe, ndui ikaua watu, na vita vya wao kwa wao vikawatawanya waliosalia. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899 iliwakuta wakiwa wanyonge. Mwezi wa Agosti 1904 Kamishna Donald Stewart alitia saini mkataba na Olonana, oloiboni (kiongozi wa kiroho) aliyetambuliwa na Waingereza kuwa mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho jamii yenyewe haikuwa nacho. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondoka katika malisho ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Naivasha na Nakuru, wakagawanywa katika maeneo mawili yaliyotengwa: moja Laikipia kaskazini, jingine kusini mwa reli, ambalo kiini chake ndicho Kajiado ya leo. Maandishi yaliahidi kwamba mpango huo ungedumu kadiri jamii ya Wamaasai itakavyodumu.

Ulidumu miaka saba. Walowezi walizitaka nyanda za Laikipia, na Gavana Percy Girouard aliwaunga mkono. Olonana alifariki Machi 1911, na maofisa wakatangaza kwamba wosia wake wa mwisho ulikuwa watu wa kaskazini wahamie kusini. Dai hilo liliwafaa wenye kulitoa kiasi kwamba mwanahistoria hana budi kulishuku. Mkataba wa pili ulitiwa saini mwaka huo huo. Kiongozi wa Wapurko, mojawapo ya makundi ya Wamaasai, Parsaloi ole Gilisho, alikubali kwa shinikizo, kisha akapinga. Jaribio la kwanza la kuwahamisha lilikwama milimani Mau, ambako mvua, baridi na msongamano viliua watu na mifugo. Mwanahistoria Lotte Hughes, katika kitabu chake cha 2006, Moving the Maasai, anakadiria kwamba hadi watu 20,000 na mifugo isiyopungua milioni 2.5 walihamishwa kati ya 1911 na 1913. Eneo la kusini lilipanuliwa kuelekea Narok ili liwapokee.

Wamaasai walikwenda mahakamani. Kesi ya Ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu ilitupwa mwaka 1913 bila majaji kuingia katika kiini cha malalamiko. Walisema mikataba ile ilikuwa makubaliano kati ya mamlaka mbili, na kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Kwa maneno mengine, walihesabiwa kuwa taifa huru siku ya kudai haki, na walikuwa wamehesabiwa kuwa watawaliwa siku ya kuhamishwa. Hukumu hiyo bado husomwa na wanafunzi wa sheria nchini Kenya, na inastahili kusomwa pia na kila anayetafiti ardhi ya Kajiado, kwa sababu ndiyo iliyoufunga mlango wa kurejea.

Mafaili ya serikali yanaeleza tarehe, mipaka na idadi. Hayaelezi vizuri kilichowapata watu. Sehemu ya ukweli ilihifadhiwa na Norman Leys, daktari wa serikali aliyevujisha habari za uhamisho huo na kuondolewa nchini kwa ajili hiyo. Sehemu kubwa zaidi ilibaki vinywani mwa wazee. Walisimulia Entorror, yaani malisho ya kaskazini, kama nchi ya nyasi tamu na maji, na kusini kama nchi ya maradhi, hasa ol-tikana, homa ya kupe iliyoangamiza ng'ombe wageni. Ugonjwa huo ni jambo linaloweza kuchunguzwa, kwa kuwa mifugo iliyokulia mahali pasipo na kupe hao haikuwa na kinga, na hapo masimulizi ya wazee na elimu ya tiba ya mifugo hukubaliana.

Awamu iliyofuata ya kuhamishwa ilihusu wanyamapori. Tarehe 16 Desemba 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilifunguliwa rasmi, na wafugaji waliokuwa wakilisha ndani yake wakatakiwa wabaki ng'ambo. Amboseli, kusini mwa Kajiado, ilifuata mkondo huo ilipotangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1974, ingawa vinamasi vyake ndivyo vilivyokuwa kimbilio la mifugo wakati wa kiangazi.

Kwa Kitengela yenyewe, hata hivyo, badiliko zito zaidi lilikuja kwa hati miliki. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya jamii isajiliwe kama ranchi ya kikundi, chini ya wawakilishi waliochaguliwa. Shabaha ilikuwa kuboresha ufugaji na kuzuia ardhi isinyakuliwe. Daftari la wanachama ndilo lililoamua kila kitu. Kwa kawaida liliandikwa majina ya wanaume wakuu wa maboma; wanawake walikosekana karibu kabisa, na vijana waliokuwa watoto siku ya usajili walijikuta nje. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta zipatazo 18,000 na wanachama zaidi ya 200, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Marcel Rutten, aliyeuchunguza mwenendo huo katika wilaya nzima ya Kajiado na kuchapisha utafiti wake mwaka 1992, aliuita kuuza utajiri ili kununua umaskini.

Kwa nini wanachama waliuza vipande vyao? Baada ya ukame kuua ng'ombe, familia ilihitaji fedha za kununua wengine. Karo ilidaiwa, hospitali ilidai, na mkopo uliochukuliwa kwa dhamana ya hati ulipokosa kulipwa, benki iliipiga ardhi mnada. Sheria ya 1990 ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje ilileta eneo la EPZ Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakatafuta nyumba karibu. Ekari za malisho zikakatwa ploti, ua na seng'enge zikasimama. Nyumbu waliokuwa wakitoka mbugani kwenda kuzaa Kitengela walipungua kutoka karibu 30,000 mwaka 1978 hadi 5,000 hivi mwaka 2011. Wafugaji nao walisogea Isinya, Kajiado mjini na kwingine zaidi kusini.

Mpango mmoja ulijaribu kuyazuia hayo. Kuanzia mwaka 2000 familia za Kitengela zilizokubali kutouza, kutozungushia ua na kutoua wanyamapori zililipwa takriban dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, kabla ya mihula ya shule kufunguliwa, na fedha nyingi ziliishia kwenye karo. Mama aliyeweza kumlipia mwanawe muhula kwa fedha hizo hakulazimika kuiona ekari ikiuzwa Januari. Tatizo ni kwamba bei ya ploti ilipanda haraka kuliko malipo ya wafadhili.

Je, aliyeuza ardhi yake ni mkimbizi wa ndani? Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 na sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani zinamtambua aliyelazimika kuyaacha makazi yake kwa sababu ya vita, ghasia, maafa au miradi mikubwa. Muuzaji hayumo humo. Uamuzi huo una busara yake, kwa kuwa mauzo mengi yalikuwa halali. Ila mke na mtoto waliohama kwa saini ya mtu mmoja hawakuchagua chochote, na utafiti unaohesabu hati bila kuhesabu wanakaya huwafuta. Pembeni mwa Kitengela, Oktoba 2023, nyumba zilibomolewa katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland huko Mavoko, baada ya mahakama kuamua kwamba ekari 4,298 ni mali ya kampuni. Wengi wa waliobomolewa nyumba walisema walinunua ploti zao. Nao wanahitaji mahali katika takwimu.

Kuhusu kurejea, Kenya imejifunza zaidi kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizowang'oa zaidi ya watu 600,000. Operesheni Rudi Nyumbani ilianza Mei 2008. Waliorejea waliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Waliokuwa wamejisitiri kwa jamaa au katika vyumba vya kupanga mijini walisahaulika kwa urahisi, kwani hawakuwa kambini ambako orodha ziliandikwa.

Wamaasai waliohamishwa kutoka Laikipia hawakuwahi kupata operesheni yoyote ya kurejeshwa. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana na kupeleka madai yao kwa serikali ya Kenya na ya Uingereza. Serikali ya Kenya ilijibu kwamba hati za mashamba ya Laikipia zilikuwa za miaka 999, yaani muda wake haukuwa umekwisha. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na sheria ya 2016 ikaweka miaka mitano ya kuwasilisha madai. Muda huo ulikwisha Septemba 2021.