Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Siri ya Mabingwa wa Sataranji

Tarehe 29 Novemba 1927, jijini Buenos Aires, José Raúl Capablanca hakurudi ukumbini kumalizia mchezo wa 34 uliokuwa umeahirishwa. Alimpelekea mpinzani wake, Alexander Alekhine, barua fupi ya kukiri kwamba ameshindwa, na taji la dunia la sataranji likabadilisha mikono. Wapenzi wa mchezo huo walipigwa na butwaa. Capablanca wa Cuba alikuwa amekaa miaka minane, tangu 1916 hadi 1924, bila kupoteza hata mchezo mmoja rasmi. Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa, hakuwahi kumshinda hata mara moja kabla ya pambano hilo. Miezi michache tu nyuma, katika mashindano ya New York, Capablanca ndiye aliyeibuka wa kwanza na Alekhine akamfuata kwa mbali. Lakini Buenos Aires Alekhine alishinda michezo sita, akapoteza mitatu, na mingine 25 ikaisha sare. Anayetaka kujua kinachomfanya mchezaji wa sataranji awe mkubwa atapata jibu zuri akichunguza yaliyotokea kati ya New York na Buenos Aires.

Watu wengi huamini kwamba ukubwa huo ni kipaji tu, kwamba bingwa amezaliwa na kichwa kinachoona hatua 20 mbele pale ambapo wengine huona mbili. Imani hiyo imewahi kupimwa. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, aliwaketisha mabingwa mbele ya ubao, Alekhine akiwa miongoni mwao, akawataka waseme kwa sauti kila walichokiwaza kabla ya kuchagua hatua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1946 yalionyesha kwamba mabingwa hawakutazama mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida, ila waliujua upesi upande unaostahili kutazamwa. Walipoonyeshwa kwa sekunde chache ubao uliotoka katika mchezo wa kweli, waliweza kuupanga upya karibu wote kwa kumbukumbu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani wakaongeza jaribio jingine: kete zilitawanywa ubaoni bila mpango wowote. Hapo ubora wa bingwa ukatoweka karibu wote, akawa anakumbuka kidogo tu kuliko mwanagenzi. Kumbe kilichomo kichwani mwa bingwa ni hazina ya mambo aliyoyasoma, na hazina hukusanywa. Hoja yangu ni kwamba mabingwa waliovuma wamewazidi wenzao kwa namna ya kusoma: kuichunguza michezo yao wenyewe, hasa ile waliyoshindwa, kwa ukali uleule wanaomchunguzia mpinzani.

Hivyo ndivyo alivyofanya Alekhine. Baada ya New York aliipitia michezo ya mashindano hayo mmoja baada ya mwingine, akaiandikia maelezo ya kina. Wengine walimtazama Capablanca kama mashine isiyokosea. Alekhine alimtafuta binadamu ndani yake. Aliona kwamba Capablanca aliliamini mno jicho lake, akichukua upesi hatua iliyo nzuri badala ya kuendelea kuitafuta iliyo bora, na kwamba mambo yakishamnyookea hulegeza mkono. Aligundua pia kwamba yeye mwenyewe hangeweza kumshinda mtu huyo kwa mashambulizi ya haraka yaliyompa umaarufu. Basi alijirekebisha, akaenda Buenos Aires akiwa tayari kwa michezo mirefu, mikavu, ya subira, yaani mtindo wa Capablanca mwenyewe. Aliyekuwa na kipaji kinachong'aa zaidi alishindwa na aliyefanya kazi zaidi ya kumjua mwenzake na kujijua.

Mfano wa pili ni Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme wa Umoja wa Kisovieti aliyetwaa taji mwaka 1948. Botvinnik aliuchukua mchezo kama sayansi. Alicheza michezo ya faragha na rafiki yake Ragozin, akimtaka ampulizie moshi wa tumbaku usoni ili azoee kero za ukumbini, na akawahimiza wachezaji wachapishe uchambuzi wao ili wengine wausome na kuukosoa. Lakini ukubwa wake ulionekana zaidi alipopoteza. Mwaka 1957 Vasily Smyslov alimvua taji, na mwaka mmoja baadaye Botvinnik akalirudisha. Mwaka 1960 Mikhail Tal wa Riga, kijana wa miaka 23 aliyetoa kete zake sadaka kwa ujasiri uliowatisha wote, alimshinda kwa pointi 12.5 kwa 8.5. Botvinnik alikuwa anakaribia miaka 50, na wengi walihesabu kwamba zama zake zimekwisha. Yeye akarudi kwenye rekodi za pambano lile, akaona kwamba Tal hutisha pale ubao ulipo wazi na kete zote zina njia, na kwamba ubao ukifungwa au malkia wakiondolewa ubaoni mapema nguvu zake hupungua. Mwaka 1961 aliupeleka kila mchezo alioweza kwenye maeneo hayo, akashinda kwa 13 kwa 8. Ni kweli kwamba Tal alisumbuliwa na figo mwaka huo, na haki inadai hilo lisemwe. Lakini ugonjwa hauelezi kwa nini michezo ilichukua sura ileile aliyoikusudia Botvinnik. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Botvinnik alikubali, kisha akakaa chini kusoma kwa nini.

Atatokea wa kunipinga kwa jina la Bobby Fischer. Huyu, watasema, hakuwa na dola nyuma yake wala shule. Alikuwa mtoto wa Brooklyn aliyenunuliwa ubao na dada yake mwaka 1949 akiwa na miaka sita, na mwaka 1972 akaivunja peke yake himaya ya Wasovieti waliokuwa wameshika taji tangu 1948. Ukweli ni kwamba maisha ya Fischer yanaikoleza hoja yangu. Mama yake alihangaika kumtafutia watoto wa kucheza nao. Carmine Nigro, rais wa klabu ya sataranji ya Brooklyn, alimpokea na kumfundisha. Baadaye alijifunza Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya Wasovieti, ili ajue walichokuwa wakikijua wapinzani wake, na alifukua michezo ya karne ya 19 ambayo wenzake waliiona imepitwa na wakati. Alipokwenda Reykjavik kupambana na Boris Spassky, Msovieti aliyeshika taji wakati huo, alibeba kitabu chenye michezo zaidi ya 300 ya mpinzani wake. Alianza vibaya: alipoteza mchezo wa kwanza kwa kosa la kumtia askofu wake mtegoni, na wa pili hakutokea kabisa, akahesabiwa ameshindwa.

Mchezo wa sita wa pambano hilo unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa miaka mingi Fischer, akiwa na kete nyeupe, alikuwa akifungua karibu daima kwa askari aliye mbele ya mfalme, na Wasovieti walijiandaa kwa hilo. Siku hiyo alimsukuma askari wa mbele ya askofu, upande wa malkia, na mchezo ukaingia katika njia ambayo karibu hakuwahi kuonekana akiipita. Alicheza kwa utulivu, akimbana Spassky kidogo kidogo mpaka pumzi ikamwisha. Ulipomalizika, Spassky aliungana na watazamaji kumpigia makofi mshindi. Walichokishangilia ni mtu aliyekubali kuacha silaha aliyoiamini maisha yake yote. Fischer alishinda kwa 12.5 kwa 8.5. Nje ya ubao alikuwa na maneno ya chuki na uamuzi wa kusikitisha, na mwaka 1975 aliachia taji bila kucheza. Sataranji haimfanyi mtu kuwa mwema. Lakini kazi aliyoifanya juu ya ubao ilikuwa kazi ya mwanafunzi.

Pingamizi zito zaidi ni la kipaji chenyewe. Capablanca, inasimuliwa, alijifunza sheria akiwa na miaka minne kwa kumtazama baba yake akicheza, na mwaka 1901, akiwa na miaka 12, alimshinda Juan Corzo, mmoja wa wachezaji bora wa Cuba. Sultan Khan wa Punjab, mtumishi wa Sir Umar Hayat Khan, alikuzwa na sataranji ya Kihindi yenye sheria tofauti. Alifika London mwaka 1929, akatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka huohuo, akaurudia 1932 na 1933, na kule Hastings akamshinda Capablanca mwenyewe. Vipaji vipo, na kuvikana ni ubishi mtupu. Ila tuangalie kilichovipata. Havana ya utoto wa Capablanca ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya sataranji duniani: mapambano ya ubingwa kati ya Steinitz na Chigorin yalichezwa hapo mwaka 1889 na 1892, na klabu yake ilijaa watu wa kumpima mtoto huyo. Sultan Khan alirudi India na bwana wake mwishoni mwa 1933, akaachana na mashindano, akaishi maisha ya mkulima hadi alipofariki 1966. Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimpa cheo cha heshima cha grandmasta mwaka 2024, miaka 58 baada ya kifo chake. Kipaji kiliwafungulia mlango wote wawili. Mmoja alikuwa na watu wa kumwendeleza, mwingine aliondolewa kwao kabla hajafikia kilele.

Kwa hiyo kusoma peke yake hakutoshi kama hakuna jamii inayosoma. Tigran Petrosian, yatima wa Tbilisi aliyefagia barabara kwa ajili ya riziki, alipata mwalimu katika kituo cha vijana cha mji huo, na mwaka 1963 akawa bingwa wa dunia. Watasema basi ni fedha za serikali ya Moscow. Serikali ile ilitumia sataranji kwa sifa zake, na Nikolai Krylenko aliyeijenga idara hiyo aliuawa na serikali hiyohiyo mwaka 1938. Hakuna sababu ya kuipamba. Lakini mwanzo hauhitaji dola. Kule Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, Robert Katende alikusanya watoto, akawapa uji na ubao, na kutoka humo akatoka Phiona Mutesi aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiadi za sataranji na kupata cheo cha kimataifa mwaka 2012.

Wapo pia wanaodai kwamba kompyuta imemaliza habari yote, tangu Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov mwaka 1997 kwa 3.5 kwa 2.5. Leo simu ya mkononi inaweza kumshinda bingwa yeyote. Hata hivyo kompyuta humwambia mchezaji hatua gani ilikuwa mbaya; haimwambii kwa nini yeye, mwenye hofu na tamaa zake, aliichagua. Kasparov, mwanafunzi wa Botvinnik, na Magnus Carlsen, bingwa kuanzia 2013 hadi 2023, waliishi na mashine hizo, na bado walitofautiana na wenzao waliokuwa na mashine zilezile.

Jambo moja limeiwezesha historia hii yote: katika mchezo rasmi wa sataranji kila mchezaji huandika hatua. Bila karatasi hizo Alekhine asingekuwa na cha kusoma. Sisi tunao mchezo wenye kina kama huo. Katika miaka ya 1990 Alex de Voogt, kutoka Uholanzi, alifanya utafiti juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar kwa kufuata nyayo za tafiti za sataranji, akakuta umahiri wa kustaajabisha. Lakini mafundi wetu wengi wameondoka na michezo yao kichwani. Mwalimu anayefungua klabu ya sataranji shuleni, na wazee wanaokutana barazani kwa bao, waanze na daftari. Vijana waandike kila mchezo, na kesho yake waanzie na ule walioshindwa.